Kuiga cheche na kiini cha moto katika injini ya gesi yenye hewa nyingi: anza na kalamu

Ukimpelekea fundi injini ya gesi inayomisi, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye plagi. Ataichomoa, ataitazama rangi, atapima gepu, ataigusisha na bodi ya injini aone kama inatoa cheche. Cheche ikitoka kali ya buluu, atasema plagi ni nzima. Mara nyingi anasema kweli. Ila ile cheche ameiona kwenye hewa ya kawaida, imetulia, hakuna upepo. Ndani ya silinda inaruka kwenye presha ya bar 20, upepo ukipita kwa mita kadhaa kwa sekunde, na gesi ya kuwaka imetawanywa katika hewa kupita kiasi. Kuonekana kwa cheche na kuwaka kwa moto ni mambo mawili.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi, au mhandisi kazini, anayetaka kuiga kwa kompyuta hicho kipande kifupi: kuanzia cheche iruke hadi kiini cha moto kifike milimita tatu hivi. Hutahitaji programu ya mamilioni. Kompyuta mpakato yenye Python inatosha.

Mfano wangu ni gesi asilia, na si kwa kubahatisha. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, karibu yote ni methani, na Ubungo na Tegeta kuna mitambo ya umeme inayoendeshwa na injini za pistoni zinazochoma gesi hiyo kwa hewa nyingi. Hewa ikizidi, moto unakuwa wa joto la chini zaidi, oksidi za naitrojeni zinapungua sana, injini haigongi ovyo, na ufanisi unapanda. Gharama yake ni kwamba moto unakuwa mvivu kuanza. (Injini kubwa za aina hiyo huwasha kwanza ndani ya kichumba cha awali chenye mchanganyiko mzito zaidi. Hapa tunashughulika na chumba kimoja cha wazi, kama cha injini ndogo ya jenereta. Kichumba kina hesabu zake.)

Hatua ya 1: Andika hali ya silinda wakati cheche inaruka

Usianze na modeli. Anza na karatasi yenye namba hizi: presha, joto la mchanganyiko, fai, kasi ya injini, na msukosuko wa hewa.

Fai (φ) ni uwiano wa mafuta uliyoweka na yale yanayohitajika kumaliza oksijeni yote. Kwa methani, fai ya 1 ni kilo 17.2 hivi za hewa kwa kilo moja ya gesi. Lamda ni kinyume chake: fai ya 0.8 ni lamda ya 1.25.

Mimi natumia mfano huu hadi mwisho: presha bar 20, joto K 700, fai 0.8, kasi mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwa kasi hiyo digrii moja ya kranki inachukua milisekunde 0.11. Iweke namba hiyo kichwani, maana kila milisekunde moja ambayo kiini kinachelewa ni digrii tisa za pistoni.

Kwa msukosuko, kama huna vipimo, kuna kanuni ya zamani inayofaa kuanzia: karibu na pistoni kufika juu, nguvu ya msukosuko u' ni kama nusu ya kasi ya wastani ya pistoni. Pistoni yenye mwendo wa milimita 100 kwa mizunguko 1,500 ina kasi ya wastani ya mita 5 kwa sekunde. Weka u' ya 2.5 uendelee.

Hatua ya 2: Tafuta kasi tulivu ya mwali na unene wake

Hapa ndipo wengi wanapakimbia, na hapa ndipo jibu lote limelala.

Kasi tulivu ya mwali, S_L, ni kasi ambayo mwali unakula mchanganyiko uliotulia. Kwa methani kwenye joto na presha ya chumbani, fai ya 1 inatoa sentimita 36 hivi kwa sekunde. Ishushe fai hadi 0.6, na unabaki na sentimita 11 hivi. Hewa haijaongezeka hata mara mbili, lakini kasi imegawanywa kwa tatu na zaidi.

Ndani ya silinda joto linaongeza kasi na presha inaipunguza. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Leeds vilivyochapishwa mwaka 2000 vilitoa, kwa methani yenye fai 0.8:

S_L = 0.259 × (T/300)^2.105 × (p/bar 1)^(−0.504), kwa mita kwa sekunde

Weka K 700 na bar 20: unapata 0.34 m/s. Tahadhari: vipimo vile havikuvuka K 400 wala bar 10, kwa hiyo umeivuta kanuni nje ya nyumba yake. Ndiyo maana ni vizuri kuilinganisha na hesabu ya kemia yenyewe. Cantera ni programu ya bure, na faili la GRI-Mech 3.0 lenye mimenyuko 325 ya kemia ya gesi asilia huja pamoja nayo:

import cantera as ct
gesi = ct.Solution("gri30.yaml")
gesi.TP = 700, 20e5
gesi.set_equivalence_ratio(0.8, "CH4", "O2:1, N2:3.76")
mwali = ct.FreeFlame(gesi, width=0.01)
mwali.set_refine_criteria(ratio=3, slope=0.06, curve=0.12)
mwali.solve(loglevel=0, auto=True)
print(mwali.velocity[0], mwali.T[-1])

Namba ya kwanza ni S_L, ya pili ni joto la gesi iliyoungua, T_b. Kwa mkono mimi napata T_b ya K 2,290 hivi. Gawa T_b kwa 700 upate uwiano wa mtanuko, karibu 3.3. Maana yake mwali unaokula 0.34 m/s unasukuma ukingo wake nje kwa 1.1 m/s, kwa sababu gesi iliyoungua inatanuka nyuma yake.

Sasa unene wa mwali: gawa uwezo wa gesi wa kusambaza joto kwa S_L. Kwa hali yetu uwezo huo ni kama 4.7 × 10⁻⁶ m²/s, basi unene ni milimita 0.014. Punguza S_L kwa nusu, na unene unakuwa mara mbili. Mwali mnene ni mwali dhaifu kwa umbo dogo, kwani joto linalovujia pembeni ni kubwa kuliko linalozalishwa. Kiini kikiwa kidogo kikilinganishwa na unene huo, hakijawa moto bado. Ni gesi ya moto tu inayopoa.

Ukiwa na mabaki ya moshi kwenye silinda, yahesabu pia. Kwa petroli, mabaki ya asilimia 10 hukata S_L kwa theluthi moja hivi. Watu wanahangaika na koili kumbe shida ni muda wa valvu.

Hatua ya 3: Igawe cheche katika vipande vyake

Cheche si tukio moja. Kwanza kuna mpasuko: nanosekunde chache, kilovolti kumi na zaidi, gesi kwenye mwanya inakuwa plazma ya makumi ya maelfu ya Kelvini. Nishati yake ni milijuli 0.3 hadi 1 tu, lakini karibu yote inaingia kwenye gesi. Inafuata tao la umeme, mikrosekunde kadhaa, milijuli moja hivi, nusu yake ikiishia kwenye elektrodi. Mwisho ni mng'ao: milisekunde nzima au zaidi, milijuli 30 hadi 100, na asilimia 70 hivi inapotelea kwenye chuma. Mgawanyo huu ulipimwa na Maly na wenzake Ujerumani miaka ya 1970, na hadi leo ndio watu wanaouanzia.

Kwa modeli yetu: chukua mpasuko wa milijuli 0.5 kama hali ya mwanzo. Kisha mng'ao wa volti 500, mkondo ukianza miliampea 80 na kushuka kwa mstari hadi sifuri katika milisekunde 1.5. Piga hesabu: milijuli 30. Asilimia 30 yake, yaani milijuli 9, ndiyo inayofika kwenye gesi, na mwanzoni hiyo ni wati 12.

Usichukue namba iliyoandikwa kwenye koili ukaiweka hapa. Ile ni nishati iliyohifadhiwa kwenye koili. Waya, resista ya plagi na elektrodi vyote vinakula njiani.

Nusukipenyo cha mwanzo kinatoka kwenye hesabu ya joto. Kujaza tufe la nusukipenyo milimita 0.5 kwa gesi ya K 2,290 kwenye bar 20 kunahitaji milijuli 3.3. Ujazo unakwenda na mchemraba wa nusukipenyo, basi milijuli 0.5 inajaza tufe la milimita 0.27. Anzia hapo. Usianzie kamwe kwenye sifuri. Mlinganyo wa hatua inayofuata una mgawanyo kwa r, na kompyuta itakutukana.

Hatua ya 4: Andika milinganyo ya kiini

Tunakichukua kiini kama tufe la joto moja, T_k. Mambo matatu yanakiongoza: mchanganyiko mpya unaoingia kwa kuungua, nishati ya cheche inayokitia nguvu, na elektrodi zinazokinyonya. Ni ukoo uleule wa modeli ambayo Herweg na Maly waliichapisha mwaka 1992, mimi nimeivua mapambo.

while t < 3e-3 and Tk > 1200:
    A = 4*pi*r**2
    V = A*r/3
    ro_k = p/(R*Tk)
    m = ro_k*V
    z = min(1, exp(-0.5*Ta*(1/Tk - 1/Tb)))
    S = z*(SL/(1 + 2*Lb/r) + C*u*(1 - exp(-r/Lt)))
    P = 0.3*500*0.08*max(0, 1 - t/1.5e-3)
    Q = h*min(0.3*A, A_elek)*(Tk - Tw)
    dm = ro_u*A*S
    dT = (dm*cp*(Tb - Tk) + P - Q)/(m*cp)
    dV = dm/ro_k + V*dT/Tk
    r += dt*dV/A
    Tk += dt*dT
    t += dt

Hatua ya muda, dt, iwe mikrosekunde moja au chini yake. A, V na m ni uso, ujazo na tungamo la kiini; ro_k ni densiti yake, ro_u ni densiti ya mchanganyiko ambao haujaungua; P ni nguvu ya cheche inayofika kwenye gesi; u ni ile u'; R na cp ni namba za gesi, 287 na 1,300. Tupitie mistari yenye maneno.

Mstari wa z ndio unaouwezesha moto kufa. Nadharia ya Zeldovich inasema kasi ya mwali inafuata kipeo cha −Ta/2T_b, ambapo Ta ni joto la uchochezi. Kwa methani mimi huweka K 20,000. Kiini kikipoa chini ya T_b, kasi inaanguka ghafla. Modeli nyingi za wanafunzi hazina mstari huu, ndiyo maana hazimisi hata siku moja. Kila cheche inawasha! Modeli isiyoweza kuzima haina la kukueleza kuhusu mchanganyiko mwepesi, yaani wenye hewa nyingi.

Sehemu ya kwanza ya S ni mwali tulivu uliorekebishwa kwa mnyooko, yaani kuvutwa kwa uso wake. Tufe dogo linalokua linaunyoosha uso wake kwa kiwango cha 2/r mara kasi ya kukua, na mwali unaonyoshwa unabadilika kasi kadiri ya urefu wa Markstein, Lb. Nimetumia umbo la kugawanya badala ya kutoa, kwa sababu lile la kutoa linakupa kasi hasi r ikiwa ndogo.

Lb inategemea mafuta, na hapa gesi ina bahati. Katika mchanganyiko mwepesi wa methani, methani na joto husambaa kwa kasi zinazokaribiana, basi mnyooko hauumizi sana, na presha ikipanda Lb inazidi kupungua. Anza na Lb iliyo mara moja au mbili ya unene wa mwali. Mchanganyiko mwepesi wa petroli ni kinyume: molekuli zake nzito zinasambaa polepole kuliko joto, kiini kinapoteza joto haraka kuliko kinavyopata mafuta, na Lb ni kubwa. Mchanganyiko mwepesi wa hidrojeni unakwenda upande wa pili kabisa; mnyooko unausaidia. Ukihamisha modeli kutoka gesi kwenda petroli bila kugusa Lb, umejidanganya. Kama Lb ni chanya na kubwa, kuna kipimo cha haraka kutoka nadharia ya Kelley na Law ya mwaka 2009: chini ya nusukipenyo cha 5.4 × Lb mwali hauwezi kujitegemea, cheche lazima iubebe hadi hapo.

Sehemu ya pili ya S ni msukosuko. Kimbunga kikubwa kuliko kiini hakikunji uso wake, kinakibeba tu kama boya. Ndiyo maana kuna ile (1 − exp(−r/Lt)), Lt ikiwa ukubwa wa vimbunga, milimita mbili hivi. Kiini kinapokua ndipo msukosuko unapoanza kukisaidia. C ni kitasa cha kurekebisha, anza na 1.

Q ni joto linalonyonywa na elektrodi: h ni wepesi wa joto kuhamia kwenye chuma, Tw ni joto la chuma chenyewe. Plagi za injini za gesi za viwandani huwa na mwanya mdogo, mara nyingi milimita 0.3 hivi, kwa kuwa presha kubwa inadai volti kubwa na mwanya mpana ungeshinda koili. Kwa hiyo kiini cha milimita 0.5 tayari kimekumbatiwa na chuma pande mbili. Ndiyo sababu nimeweka asilimia 30 ya uso wake, hadi kikomo cha A_elek, yaani eneo lote la elektrodi linaloweza kuguswa.

Hatua ya 5: Fanya hesabu moja kwa mkono kabla ya kubonyeza

Chukua kiini cha milimita 0.5, h ya 2,000 W/m²K, elektrodi za K 500. Hasara ni wati 3.4 hivi. Mchanganyiko unaoungua kwa mwali tulivu peke yake unarudisha wati 0.0138 kwa kila Kelvini ya upungufu. Gawa: kiini kitakaa K 250 chini ya T_b. Kumbe hapo mstari wa z unashusha kasi hadi chini ya asilimia 60, urejeshaji unapungua, joto linashuka tena, kasi inashuka tena. Ni mteremko, na chini yake ni giza. Bila msukosuko na bila cheche, kiini hicho kinakufa hata kwa fai ya 0.8.

Sasa rudisha cheche: wati 12 mwanzoni dhidi ya 3.4. Inashinda hadi milisekunde ya kwanza ipite. Ndani ya muda huo kiini lazima kikue, uso wake uache kutawaliwa na chuma, msukosuko ushike kazi. Kisipofika huko kabla mng'ao haujaisha, umemisi. Kwa mchanganyiko wenye S_L ya nusu, safari hiyo ni ndefu mara mbili na hasara ileile.

Hapo utaona kwa nini kuongeza volti peke yake hakuponyi injini nyepesi inayomisi. Volti inaamua kama cheche itaruka. Muda wa mng'ao na eneo la chuma ndivyo vinavyoamua kama kiini kitaishi.

Hatua ya 6: Jaribu modeli pale unapolijua jibu

Majaribio mawili, na usiyaruke.

Zima cheche, hasara, msukosuko na Lb, anza T_k ikiwa sawa na T_b. Kiini lazima kikue kwa 1.1 m/s sawasawa. Kisipofanya hivyo, umekosea densiti mahali.

Kisha weka S iwe sifuri, hasara sifuri, acha cheche peke yake. Ujazo lazima uongezeke kwa nishati × R / (p × cp) bila kujali joto. Kwa milijuli 9, bar 20, R ya 287 na cp ya 1,300, hiyo ni milimita 0.99 za ujazo, na nusukipenyo kinatoka 0.27 hadi 0.64. T_k itapanda hadi namba za ajabu, usishtuke. Cp halisi haibaki palepale kwenye joto hilo, lakini hapa tunakagua hesabu, si fizikia.

Hatua ya 7: Rekebisha kwa vipimo, vitasa viwili tu

C na h. Basi. Nimeona modeli yenye vitasa saba ikilingana na vipimo vyote vya injini moja, ikahamishiwa nyingine ikawa kama imeandikwa na mtu mwingine.

Ugumu ni kwamba kipimo cha presha ya silinda ni kipofu kwa kipindi hiki. Kiini cha nusukipenyo milimita 5 kina ujazo wa sentimita 0.52 za ujazo. Kwenye chumba cha sentimita 60 za ujazo hiyo haifiki asilimia moja, na kwa tungamo ni kama asilimia 0.3 tu. Mstari wa presha hautikisiki. Kwa hiyo ama upate picha za injini yenye dirisha la kioo, ama uunganishe kiini na modeli ya mwako mzima na ulinganishe digrii ambapo asilimia 5 au 10 ya gesi imeungua. Ukitumia njia ya pili, endesha modeli kwenye fai tatu tofauti. Fai moja inaweza kulinganishwa kwa bahati.

Ukikabidhi kiini kwa programu ya mtiririko ya pande tatu (3D), kabidhi kikiwa na milimita 2 hadi 3, kikiwa kimejaa vyumba kadhaa vya wavu, yaani vile vijisehemu ambavyo programu inagawa nafasi ya silinda. Kuwasha kwa kupasha chumba kimoja cha wavu mpaka kishike moto ni njia ya uvivu. Utakachoiga hapo ni ukubwa wa wavu wako.

Hatua ya 8: Endesha mizunguko mia tatu, si mmoja

Mzunguko wa wastani haumisi. Kinachomisi ni ule wa pembeni, wenye fai ya chini kidogo kwenye plagi, u' dogo, au upepo ulioisukuma cheche kuelekea chuma. Chukua fai, u' na sehemu ya uso inayogusa elektrodi, zitawanye kidogo kwa namba za kubahatisha kuzunguka wastani, na endesha mara 300. Kompyuta itamaliza kabla chai haijapoa.

Chora muda wa kufika milimita 3 kwa kila mzunguko. Kwenye fai ya 0.8 mchoro utakuwa umekusanyika. Shuka 0.7, kisha 0.65, kila mara ukikokotoa S_L upya kwa Cantera, na utaona mkia ukirefuka upande wa kuchelewa muda mrefu kabla mzunguko wa kwanza haujazimika. Mkia huo ndio injini inayotikisika kabla haijaanza kumisi. Mizunguko iliyozimika ichapishe peke yake, kila mmoja na fai yake, u' yake na eneo la chuma lililogusa, halafu ongeza mng'ao kutoka milisekunde 1.5 hadi 2.5 uone ni mingapi inafufuka. Itakayobaki imekufa haihitaji koili nyingine. Hiyo kaiangalie kwenye mchanganyiko na kwenye umbo la elektrodi.